Kufundisha gerezani: ni nini huturudisha darasani kila wiki?

Mwalimu wa Bondeni (Nakuru)

Salamu kwenu nyote. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari za kaunti hii kwa miaka mingi, na siku hizi asubuhi zangu za Jumamosi huwa gerezani, ambako nafundisha wanaume wanaojiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, pamoja na kundi dogo la wazee wanaojifunza kusoma na kuandika. Watu wakisikia hivyo huniuliza kwanza kama siogopi. Mimi nataka tujadiliane jambo jingine, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha: ni nini kinachomfanya mwalimu asiyelipwa chochote, aliyekaguliwa mifuko langoni na kuacha simu yake kwa askari, atoke humo saa sita mchana akiwa na furaha ya kazi ambayo pengine hakuipata wiki nzima katika shule yake ya kawaida? Nina jibu langu, nami naliweka hapa mlipime.

Kwa maoni yangu, kinachotuunganisha na wanafunzi wetu wafungwa ni usahihishaji wa haki. Huruma ina nafasi yake, wala sijamwona mwalimu aliyeingia humo bila kuwa nayo, lakini huruma peke yake haifundishi, tena mfungwa huitambua haraka na kuichoka haraka. Mtu aliye kifungoni amekwisha kupimwa na mahakama kwa kitendo alichofanya siku fulani, na kipimo hicho humfuata kila aendako, kuanzia kwenye faili yake hadi kwenye maneno ya jamaa zake. Darasani hupimwa kwa alichoandika asubuhi hii, na Jumamosi ijayo atapimwa upya kwa atakachoandika siku hiyo. Alama aliyopewa anaweza kuihoji, akaelezwa ilivyopatikana, kisha akaiboresha kwa bidii yake mwenyewe. Ndani ya kuta zile nafasi ya namna hiyo ni adimu sana.

Nitoe mfano. Mmoja wa wanafunzi wangu, anayetumikia kifungo cha maisha, aliandika insha ya methali "Mchagua jembe si mkulima". Kisa chake kilivutia: kijana wa Njoro aliyekataa kila kibarua alichotafutiwa, mara shamba liko mbali, mara mwenye shamba ana maneno mengi, mara malipo ni haba. Lugha ilikuwa safi na mwandiko ulisomeka. Hata hivyo kisa kilikomea hapo. Walimu wenzangu wa Kiswahili wanajua kwamba insha ya methali hudai pande zote mbili zijitokeze, na upande wa pili, yaani yale yanayompata mchagua jembe msimu unapokwisha, haukuwepo hata kwa sentensi moja. Nikampa 09 kati ya 20, alama ambayo bado iko katika kiwango cha C. Darasa lilipokwisha alinisubiri, daftari mkononi, akauliza kwa adabu hizo tisa zimetoka wapi. Tukaketi kwenye benchi tukaisoma insha aya kwa aya, nami nikamwonyesha mahali ambapo kisa kilipaswa kugeuka. Akauliza swali la pili: "Na kama ningekuwa mwanafunzi wako wa huko nje, Mwalimu, ungenipa ngapi?" Nikamjibu kwamba ningempa tisa zilezile. Akasema, "Basi hizi ni zangu." Wiki iliyofuata alileta insha mpya ya methali ileile, na safari hii kijana wake alirudi nyumbani wakati wa mavuno akakuta ndugu zake wanapakia magunia ya mahindi kwenye trekta, naye hana hata debe. Hiyo nikaipa 14.

Ningemwongezea alama tano za kumfariji, ningekuwa nimemwambia, bila kulitamka, kwamba simtarajii kufika popote. Mtihani wa gerezani ni uleule wa nje: karatasi ya Insha ina alama 40, ya Lugha 80 na ya Fasihi 80, na mtahini atakayeisahihisha hana sababu ya kumwonea huruma mtu asiyemfahamu. Mfungwa hukwama kwenye ufupisho na isimujamii, yaani matumizi ya lugha katika jamii, palepale anapokwama mtahiniwa wa Subukia au Bahati. Tofauti ninayoiona ni kwamba kijana wangu wa shule akirudishiwa karatasi hutazama alama akaikunja, ilhali wale wa Jumamosi husoma kila neno nililoandika pembeni, na wengine huninukulia maoni yangu ya miezi iliyopita ambayo mimi mwenyewe nimekwisha kuyasahau. Mwalimu akisomwa kwa makini kiasi hicho, naye hujifunza kuandika maoni yenye maana.

Kwa wazee mambo huenda polepole zaidi, lakini mzizi ni mmoja. Mzee mmoja wa pande za Molo alikuwa akimtegemea mwenzake wa wadi kumwandikia barua za kwenda kwa mkewe. Kwamba barua za wafungwa husomwa na ofisi kabla ya kutumwa, hilo alikwisha kulikubali; lililomuuma ni kwamba yule mwenzake, ambaye walilala chumba kimoja, alijua mambo yote ya nyumba yake, hadi ng'ombe aliyeuzwa na mtoto aliyeacha shule. Ndiyo sababu alianza kujifunza irabu akiwa na mvi. Barua yake ya kwanza aliyoiandika kwa mkono wake ilikuwa na mistari minne, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika, na mahali pa "ng'ombe" aliandika "gombe". Nikamwonyesha. Wapo watakaosema ningemwachia tu mzee wa watu, kwa kuwa mkewe angeelewa. Yeye aliomba raba, akafuta taratibu ili karatasi isitoboke, akaandika upya, kwa sababu alitaka mkewe aone kazi safi.

Nitaje na suala la karatasi, maana asiyeijua jela hawezi kulidhania. Humo karatasi ina bei. Ukurasa wa daftari waweza kusokotea tumbaku, waweza kubadilishwa kwa kipande cha sabuni. Kwa hiyo mwanafunzi anaponiletea daftari la kurasa 96 ambalo bado lina kurasa zake zote, najua amekataa mengi ili kulifikisha katika hali hiyo. Nimezoea kuyachukua madaftari yao kwa mikono miwili.

Basi, wenzangu mnaofundisha Kisumu, Kakamega, Eldoret, Naivasha na kwingineko, semeni nanyi. Je, ni usahihishaji, au nimeliona jambo kwa jicho la mwalimu wa lugha tu?

Nyar Kano (Kisumu)

Mwalimu, pokea salamu kutoka huku ziwani. Nimekusoma hadi mwisho, na naafikiana nawe kwa sehemu kubwa, ila nadhani umeruka hatua moja. Kabla mwanafunzi hajaiamini kalamu yako, lazima aamini kwamba utarudi. Mimi hufundisha katika gereza la wanawake, hesabu na Kiingereza cha mwanzo, na jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba wageni wengi huja Desemba, huleta sabuni na sodo, huomba, huahidi kurudi, kisha hawaonekani tena hadi Desemba nyingine. Wageni hao hushukuriwa, kwa kuwa sabuni ni sabuni, lakini wanawake wale huwa wamejifunza kutotegemea ahadi ya mtu yeyote aliyevaa nguo za kiraia. Kazi yangu ya miezi ya kwanza ilikuwa kufika tu siku niliyosema, mvua inyeshe, matatu zigome, nifike. Baada ya hapo ndipo mtu alipoanza kuinua mkono na kusema, "Madam, hapa sijaelewa."

Halafu darasa la wanawake lina wanafunzi wasioandikwa kwenye rejista. Sheria zetu humruhusu mama kukaa na mtoto wake gerezani hadi mtoto atimize miaka minne, kwa hiyo tunapofanya sehemu na desimali kuna anayenyonya, kuna anayelia, na kuna msichana mmoja wa karibu miaka miwili ambaye nilimpa kijiti cha chaki ili atulie. Alichora mistari sakafuni, na mama yake, bila kuacha hesabu aliyokuwa akiifanya, akawa anamwambia kila mstari ni herufi gani: hii ni l, hii ni i, hii weka mkia iwe j. Mama huyo ndiye aliyekuwa ameniambia mwanzoni kwamba kichwa chake hakishiki kitu. Sikumjibu kwa maneno. Tangu hapo nilimpa kazi ya kuwaongoza wenzake watatu katika kusoma, na anaifanya vizuri kuliko mimi.

Nina swali kwako na kwa wengine. Uhusiano huu tunaousifu una upande mgumu. Mwanafunzi akishakuzoea atakuomba umpigie dada yake, umpelekee mtoto ujumbe, uulize wakili amefikia wapi na rufaa. Nyinyi hufanyaje?

Fundi wa Kibuye (Kisumu)

Kwanza nawashukuru walimu. Mimi nilikuwa upande ule mwingine wa meza. Nilifungwa nikiwa kijana, nikafanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, nikiwa ndani, nikaendelea na sekondari humohumo, na pia nikafanya mtihani wa ufundi wa useremala. Leo nina karakana yangu ndogo karibu na soko la Kibuye, natengeneza vitanda na makochi.

Naomba niseme jambo ambalo walimu wa kutoka nje huenda hawalioni. Sehemu kubwa ya masomo yangu sikufundishwa na mtu wa kutoka nje. Nilifundishwa na wafungwa wenzangu, mmoja wao aliyekuwa mwalimu kabla ya kufungwa, na wengine waliotutangulia darasa moja au mawili tu. Wale wa nje walikuja mara moja kwa wiki wakatuwekea kiwango. Mwalimu wa wiki akisahihisha kwa upole wa kupita kiasi, alimharibia kazi yule mwalimu mfungwa aliyebaki nasi siku sita, kwa kuwa tulianza kumwona yeye ndiye mkali asiye na sababu. Kwa hiyo nakuunga mkono, Mwalimu wa Bondeni: alama ya kweli ya Jumamosi ilimpa nguvu mwalimu wetu wa Jumatatu.

Usiku wa jela ni mrefu kuliko usiku wa raia. Mnahesabiwa na kufungiwa jioni jua bado liko juu, na mlango haufunguliwi hadi asubuhi. Taa ya wadi haizimwi. Walimu wengi hutusikitikia kwa taa hiyo, lakini mimi ndiyo iliyonisomesha. Nililala karibu na ukuta chini yake kwa kupenda, wenzangu wakisema nimechagua mahali pabaya, nikawa nasoma historia hadi macho yakachoka. Kulikuwa na mzee mmoja asiyejua kusoma ambaye alinitaka nimsomee kwa sauti ya chini. Alikuwa na maswali kuliko mtahini. Akitaka kujua kwa nini wazungu walikaa Berlin mwaka 1884 wakaigawa nchi ambayo hawajawahi kuitembea, mimi nililazimika kuelewa kwanza ndipo nimweleze. Historia ndilo somo nililofanya vyema kuliko yote.

Ugumu uko baada ya kutoka. Nilikuwa na vyeti vyangu, lakini kila mwajiri alitaka cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, na hicho ndicho kilichonifungia mlango. Wafundisheni watu wenu kazi ya mikono pamoja na vitabu, tafadhali. Na msichoke kuulizia habari zetu tukitoka. Mwalimu wangu mmoja alipita karakanani akaagiza meza, akanilipa bei kamili bila kuomba apunguziwe, kisha akakagua viungio vyake kama alivyokuwa akikagua insha zangu. Alipata droo moja inayokwama, nami niliitengeneza papo hapo.

Mama Shinyalu (Kakamega)

Nimewasoma kwa utulivu na sitaki kumvunjia yeyote heshima. Kaka yangu aliuawa na watu waliokuja kumwibia pikipiki. Mmoja wao yuko ndani, na nilisikia kwamba yuko darasani. Watoto wa kaka yangu wawili walirudishwa nyumbani mara kwa mara kwa ajili ya karo, na hakuna mwalimu aliyejitolea kuwafuata siku ya Jumamosi. Nawauliza kwa dhati: mnapofurahia insha nzuri ya mtu kama huyo, sisi mnatuweka wapi?

Mwalimu wa Bondeni (Nakuru)

Mama, pole sana kwa kifo cha kaka yako. Swali lako ndilo zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na sitajaribu kulipunguza.

Mimi huwa siulizi mwanafunzi alitenda nini, na wala sikai darasani nikijidanganya kwamba hakutenda. Najua kwamba nyuma ya madawati yale kuna familia kama yako. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 51, inasema aliyefungwa hubaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizowezekana akiwa kizuizini, na elimu imetajwa miongoni mwa haki katika kifungu cha 43. Lakini mtu aliyefiwa hafarijiwi kwa vifungu, nami sivitaji kwa nia hiyo. Navitaja ili ujue kwamba darasa lile si zawadi tuliyoamua kumpa mtu aliyekuumiza.

Wengi wa hawa watatoka. Watashuka Kakamega, watashuka Nakuru, watapanda matatu pamoja na watoto wetu. Taasisi ya RAND ya Marekani ilikusanya tafiti nyingi za nchini humo na kutoa matokeo mwaka 2013: wafungwa walioshiriki masomo gerezani walikuwa na uwezekano wa kurudia uhalifu ulio chini kwa asilimia 43 kuliko wasioshiriki. Marekani si Kenya, nami sitadai kwamba hesabu hiyo itatoka vilevile kwetu, lakini mwelekeo wake unaafikiana na ninachokiona. Nikimfundisha mtu vizuri, nia yangu ni pamoja na kwamba asiwepo kaka mwingine.

Sitakuomba umsamehe mtu yeyote, kwa sababu hilo si langu kuliomba. Na kuhusu watoto wa marehemu, umenigusa mahali panapostahili. Tukiweza kupata watu wa kwenda gerezani Jumamosi, tunaweza kupata wa kuwafuata yatima wa waliouawa. Walimu wa Kakamega mnaosoma hapa, tafadhali mwandikieni Mama faraghani.

Mama Shinyalu (Kakamega)

Nimekusikia, Mwalimu. Sijakubali yote, lakini umenijibu bila kunizunguka. Mmoja ameshaniandikia kuhusu watoto. Kama mnafundisha hesabu huko, basi wafundisheni pia kuhesabu walichotuondolea.

Afande Mstaafu (Kakamega)

Nimevaa sare ya Magereza hadi nikastaafu, sehemu kubwa ya wakati huo nikiwa magharibi. Nimjibu yule dada wa Kisumu, kwa maana swali lake ni la usalama.

Dada, usipige simu, usibebe barua, usibebe hata kikaratasi. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, inakataza kuingiza au kutoa kitu gerezani bila idhini, na mwalimu akikutwa na barua mfukoni haadhibiwi peke yake: darasa zima linafungwa. Nimeona darasa zuri likifa kwa ajili ya ujumbe usiokuwa na ubaya wowote. Mwambie mwanafunzi waziwazi siku ya kwanza kwamba hutabeba, kisha mwelekeze kwa afisa wa ustawi, au kwa kasisi au imamu wa gereza. Ukiona shida ni ya kweli, nenda wewe mwenyewe kwa afisa huyo, useme mbele ya wote wawili. Mfungwa hatakuchukia. Wale wanaokuchukia kwa jibu hilo ndio waliokuja darasani kwa shughuli nyingine.

Walimu pia wafahamu kwamba askari si adui wa darasa. Zamani tulipoanza kazi, shule ya gerezani ilionekana kama anasa. Mambo yalianza kubadilika tangu 2003, wakati Mzee Moody Awori wa Funyula alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kisha Makamu wa Rais, akafungua milango ya magereza kwa umma, yakaja magodoro, televisheni na wageni. Wengine wetu tulinung'unika. Baadaye nikatambua kwamba wadi yenye watahiniwa haina vurugu kama zile nyingine, kwa kuwa kuna watu ndani wanaotaka kimya ili wasome, na watu hao hunyamazisha wenzao kabla mimi sijafika.

Mnavyoteseka na uhamisho, nasi twajua. Gereza likijaa, lori huja, na mwanafunzi wako aliyebakiza muhula mmoja huondoka bila kukuaga. Mweleze afisa wa elimu mapema ni nani wamesajiliwa kwa mtihani, kwa orodha iliyoandikwa, ili majina yao yajulikane kabla orodha ya lori haijaandaliwa. Kumbukeni vilevile kwamba wengi hupata punguzo la theluthi ya kifungo kwa mwenendo mwema, ingawa wa kifungo cha maisha hawamo, kwa hiyo hesabuni tarehe ya kutoka kabla hamjamsajili mtu. Pale Shikusa kwenye borstal, yaani taasisi ya kurekebishia vijana wahalifu, ambako hukaa miaka isiyozidi mitatu, mwalimu asiyepanga masomo kwa muda huo hupoteza nguvu zake.

Mwalimu Kijana (Webuye)

Wakubwa zangu, nimejifunza mengi. Nimehitimu ualimu wa hisabati na kemia na bado sijaajiriwa na TSC, tume inayoajiri walimu. Ningependa kuanza katika gereza lililo karibu nami. Je, naanzia wapi, na je, si tumechelewa kwa kuwa 8-4-4 yenyewe, yaani mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, inakwisha na mtaala mpya unaingia?

Mwalimu wa Bondeni (Nakuru)

Karibu sana, mwanangu. Walimu wa hisabati ni haba kuliko wa lugha, hivyo utapokewa.

Andika barua kwa mkuu wa gereza, taja masomo yako, siku unazoweza kufika na muda unaokusudia kujitolea, na uambatanishe nakala za vyeti na kitambulisho. Usitaje siku tatu kwa wiki kama una uhakika wa moja. Nyar Kano amekwisha kutueleza kwa nini. Kibali kinaweza kuchukua muda kwa sababu baadhi ya maombi hupelekwa ngazi za juu, kwa hiyo usikate tamaa ukikaa bila jibu, fuatilia kwa adabu. Ukishaingia, omba kwanza kukutana na walimu wafungwa, uwaulize wamefika wapi kwenye silabasi na ni mada gani inawashinda. Fundi ametuonyesha kwamba hao ndio wenye shule. Wewe utakuwa msaidizi wao anayetoka nje.

Kwa kemia jiandae kuwa na subira. Asidi, vyombo vya kioo na moto ni vitu vinavyoeleweka kwa nini havipendwi pale, na majaribio hayafanyiki hivihivi bila mpango na ofisi. Hata bikari za hisabati, kwa kuwa zina ncha, huhesabiwa zinapotolewa na huhesabiwa tena zinaporudi, na somo haliishi mpaka idadi ilingane. Tenga dakika kumi za mwisho kwa kazi hiyo, umkabidhi mwanafunzi mmoja jukumu la kuzikusanya. Niliwahi kumwona mtu aliyefungwa kwa wizi akizihesabu mara mbili mbele ya askari kabla hajaulizwa, na darasa zima likimngojea kwa heshima.

Kuhusu mitaala, hujachelewa, ila lazima upange. KCPE, iliyoanza 1985 na ambayo kwa wafungwa wengi ilikuwa ngazi ya kwanza, ilifanywa kwa mara ya mwisho 2023, na kundi la mwisho la kawaida la 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Watu wako wa kidato cha tatu na cha nne watangulize mbele, uhakikishe majina yao yameingia usajili unapofunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na ada ya mtihani isiachwe hadi dakika ya mwisho. Wale wanaoanza kusoma leo usiwaahidi mtihani ambao hutawahi kuuona ukitolewa. Waanzishe kwenye kusoma, kuandika na hesabu za matumizi, na uwaunganishe na karakana. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa za Mandela, zilizopitishwa Desemba 2015, zinasema katika kanuni ya 104 kwamba elimu ya wafungwa iende sambamba na mfumo wa elimu wa nchi, ili mtu akitoka aendelee bila shida. Tukiulizwa na ofisi kwa nini tunataka mtaala mpya uingie gerezani upesi, hiyo ndiyo hoja ya kuwapelekea, na nafikiri walimu wa maeneo haya tungeiandika kwa pamoja. Nimeanza rasimu. Atakayetaka kuisoma na kuisahihisha anijulishe hapa, na tafadhali asinionee huruma kwa kalamu.

Nyar Kano (Kisumu)

Nitumie mimi. Afande, nakushukuru, Jumatano nitaliambia darasa langu kuhusu barua kama ulivyosema, mbele ya afisa wa ustawi.